Mjadala: Kati ya shoka la mpini mrefu na godendagi ya Flandria, ipi ilikuwa silaha bora?

Ndugu wanamjadala, kila tunapolinganisha silaha za kupondea na silaha za mpini mrefu za Ulaya ya Zama za Kati, hoja inayorudi ni kwamba shoka la mpini mrefu la karne ya 15, lile lenye nyundo au makali upande mmoja, mdomo uliochongoka upande wa pili na ncha ya mkuki juu, lilizipita zote, na kwamba marungu yalikuwa ya watu waliokosa kitu cha maana. Sikubaliani na hoja hiyo. Mimi naiweka mbele godendagi, silaha ya wanamgambo wa miji ya Flandria (eneo ambalo leo sehemu yake kubwa iko Ubelgiji), na nitaeleza sababu zangu ili wenye maoni tofauti wapate pa kunipinga.

Godendagi ilikuwa mti mnene wenye urefu wa takriban mita 1.5, mwembamba kiasi pale unaposhikwa na mnene zaidi kuelekea juu, ambako kichwa chake kilivishwa pete ya chuma, na katikati ya kichwa hicho ukachomoza mwiba wa chuma mfupi, imara. Jina lenyewe kwa lugha ya kwao husomeka kama salamu ya “siku njema”. Kuna sanduku la mbao la zamani, mali ya New College ya Oxford, ambalo michongo yake inawaonyesha wanamgambo hao wakiwa wamesimama bega kwa bega, na silaha hiyo imo mikononi mwao. Aliyewahi kushika rungu la mti mgumu anajua kwamba uzito wake wote uko kichwani, na kwamba likishaanza kushuka halihitaji nguvu nyingi za mwenye kulishika. Godendagi ni rungu hilo hilo, lakini linashikwa kwa mikono miwili na linaweza pia kuchoma.

Lililo muhimu ni adui aliyekuwa akikabiliwa. Mwaka 1302 kabaila wa Kifaransa alilindwa zaidi na deraya ya pete ndogo za chuma zilizosukwa, akiwa na nguo nene chini yake. Deraya hiyo huzuia makali ya upanga vizuri sana, lakini kwa kuwa inakunjika, pigo zito linapita na kuvunja mfupa ulio ndani hata kama hakuna pete iliyokatika.

Tarehe 11 Julai mwaka huo, nje ya mji wa Kortrijk, wafumaji, wachinjaji na mafundi wengine wa Flandria walipanga mistari ambamo wenye mikuki mirefu walichanganyika na wenye godendagi. Mkuki ulisimikwa ardhini kumsimamisha farasi, kisha mwenye godendagi akampiga farasi au akamshusha mpandaji wake. Kiongozi wa Wafaransa, Robert II wa Artois, aliuawa siku hiyo, na vile vyuma vilivyopakwa dhahabu ambavyo makabaila huvaa visiginoni kwa kuchochea farasi vilikusanywa na kutundikwa katika kanisa la Bikira Maria mjini humo, yapata jozi 500 kwa masimulizi yaliyopokelewa.

Najua jibu litakalokuja: kwamba vijito na mitaro ndivyo vilivyoshinda. Ni kweli vilipunguza kasi ya farasi, na asiyelitaja hilo hasemi haki. Hata hivyo, wapanda farasi walivuka, wakaufikia mstari, na katikati wakaupasua, mpaka kikosi cha akiba cha Jan van Renesse kilipokuja kuuziba. Kwa hiyo yalikuwapo mapambano ya ana kwa ana kati ya mtu wa mjini aliyesimama kwa miguu na kabaila aliyefunzwa vita tangu utotoni, na katika mapambano hayo hapakuwa na mtaro wa kumsaidia yeyote.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Tarehe 27 Novemba 1382, huko Westrozebeke, Waflandria walishindwa vibaya na Wafaransa, ambao baadaye waliuteketeza mji wa Kortrijk na kuvichukua vile vyuma vya dhahabu. Lakini siku ile Waflandria hawakusubiri; walisonga mbele wakiwa wamebanana, wakazungukwa pande zote mbili, na wengi walikufa kwa kukosa pumzi ndani ya msongamano wao wenyewe. Kosa hilo ni la mpango wa vita, na hata wangebeba mashoka ya mpini mrefu lingewaua vile vile.

Watetezi wa shoka hunionyesha mafuvu ya kaburi la pamoja la waliouawa katika vita vya Towton, Uingereza, mwaka 1461, lililogunduliwa mwaka 1996, mengine yakiwa na matundu ya ncha iliyochongoka. Majeraha hayo ni ya kutisha, ila walioyachunguza wanaona kwamba watu wale huenda hawakuwa na kofia za chuma vichwani walipouawa. Ushahidi huo basi hautoshi kuthibitisha kwamba shoka lilipenya mabamba ya chuma. Kwa upande wangu, navitaja vita vya Agincourt, Ufaransa, 25 Oktoba 1415, ambako wanahistoria wa wakati ule wanasimulia kuwa wapiga upinde wa Kiingereza waliwaangusha makabaila waliovaa mabamba kwa nyundo nzito za madini ya risasi. Kupondwa kulitosha hata hapo.

Halbadi ya Waswisi, yaani shoka lenye ncha ya mkuki juu ya mpini mrefu, naiheshimu kwa sababu ya ushindi wao wa Morgarten, 1315, ingawa baada ya kushindwa Arbedo, 1422, wao wenyewe waliongeza mikuki mirefu. Tufe la miiba lililofungwa kwa mnyororo, ambalo wengi hulipenda, siliingizi katika ulinganisho huu, kwa kuwa vielelezo vyake vya kuaminika kutoka Zama za Kati ni vichache mno.

Kwa pambano la watu wawili waliovaa mabamba ya chuma, ndani ya uzio, ningelichagua shoka bila kusita. Ombi langu kwa wanaolitetea ni hili: nitajieni pambano la uwanjani ambalo watu wa kawaida wa mjini, wakiwa na mashoka hayo na mikuki, waliwangoja wapanda farasi wa kikabaila wakawashinda, nami nitabadili msimamo.