Gari-nyumba kutoka Dar es Salaam hadi Arusha: liendeshwe au lipakiwe?

Mkazi wa Njiro:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimenunua kutoka Uingereza gari-nyumba lililotumika, yaani lile gari ambalo ndani yake mna vitanda, jiko, friji na choo, lililojengwa juu ya Fiat Ducato. Limeshushwa Dar es Salaam kwa meli ya magari, ushuru umelipwa, namba zimetoka, na sasa limeegeshwa katika yadi ya wakala wangu wa forodha. Mimi niko Arusha na kazi hainiruhusu kushuka kulifuata kabla ya mwisho wa mwezi. Gari lina urefu wa mita 7.2, upana wa mita 2.3 na kimo cha mita 3.05, na uzito wake pamoja na vilivyomo haupaswi kuzidi kilo 3,500.

Wakala ananishauri nimkabidhi dereva wa IT, yaani mmoja wa wale wanaoendesha magari ya wateja kutoka bandarini hadi mipakani, aliendeshe hadi hapa kwa siku moja. Dalali mmoja wa Ubungo naye ananiambia kwamba ana semi-trela inayopanda Arusha Jumamosi, na kwamba gari langu litakaa nyuma ya shehena ya mabati. Bei zao zimepishana karibu mara tatu, lakini linalonisumbua zaidi ni kwamba sijawahi kuona gari la aina hii likisafirishwa mwendo wa zaidi ya kilomita 600, na sijui nimuulize nini huyo nitakayemkabidhi.

Dereva Mstaafu:

Ndugu yangu, hiyo semi-trela ikatae leo hii. Sakafu ya semi-trela ya kawaida iko kiasi cha mita moja na nusu kutoka ardhini. Ukijumlisha na kimo cha gari lako unapata zaidi ya mita nne na nusu, na huko vijijini nyaya za umeme zinazokatiza barabara hazikufungwa kwa kumfikiria mtu mwenye mzigo kama wako. Tena semi-trela haina ngazi ya kupandishia gari. Watatafuta tuta la udongo pembeni ya yadi, waisogeze trela kinyumenyume, na gari lako lipandie hapo huku vijana wakipiga kelele "njoo, njoo".

Kuhusu kuliendesha, mimi nimefanya kazi ya IT kwa miaka mingi, nikipeleka magari Tunduma na Rusumo, kwa hiyo nawasema wenzangu bila ubaya. Dereva wa IT hulipwa kwa tripu. Akikuambia siku moja, maana yake ataondoka usiku, hatalala, na njiani atachukua abiria wa kumwongezea posho. Sasa fikiria gari lenye vitanda na choo linapita stendi ya Chalinze.

Ugonjwa mkubwa wa njia hiyo kwa gari lako ni matuta. Kuanzia Chalinze hadi Segera, kisha Korogwe, Mombo, Hedaru na Same, kila penye makazi pana matuta, na mengine rangi yake ilishafutika. Gari-nyumba lina mkia wa mita mbili au zaidi nyuma ya ekseli. Magurudumu ya nyuma yakishashuka tuta, mkia hulikalia, na hapo ndipo yalipo mabomba ya maji machafu. Likiendeshwa na mtu mtulivu, mchana tu, kwa siku mbili, akalala Korogwe, litafika salama. Lakini mtu huyo umjue wewe mwenyewe, asiwe wa kuletewa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba Ducato huvutwa na magurudumu ya mbele. Likiharibika njiani, breakdown watataka kulinyanyua mbele na kuliburuta. Wakiinua pua sentimita 30, ule mkia utashuka kiasi cha sentimita 15, na lami itamaliza kazi.

Mama Kirumba:

Mimi nililipakia langu kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, na pamoja na yaliyonikuta bado nasema pakia, ila pakia kwenye loubedi, ile trela ya chini inayobeba magreda na makatapila.

Msafirishaji wangu, ambaye simtaji, alilipakia gari kinyume, nyuma ikitangulia mbele, kwa sababu ule mkia ulikuwa unakwaruza ngazi na aliona ni rahisi kulipandisha hivyo. Hakufikiri kwamba madirisha ya darini yametengenezwa kuupokea upepo kutoka upande mmoja tu. Mahali fulani baada ya Dodoma upepo ulilifumua moja na kuondoka nalo, mvua ikatukuta Manyoni, na gari lilipofika Mwanza nilifungua mlango nikasikia godoro linanuka kama mbwa aliyelowa. Nilipodai fidia nilionyeshwa karatasi niliyoisaini mwenyewe, nayo ilisema: "Gari moja jeupe, limepokelewa." Hapakuwa na neno hata moja kuhusu madirisha.

Kwa hiyo, ndugu Mkazi, dai lako la kwanza liwe kwamba gari lipakiwe likitazama mbele. Kama ngazi ni fupi na kali, waongeze mbao nene chini ili mteremko ulale. Mikanda ya kukazia ipite kwenye magurudumu, isipite juu ya paa wala kuzunguka ukuta, kwa sababu kuta hizo ni ngozi nyembamba yenye povu katikati na hazikuumbwa kubanwa. Karatasi ya makabidhiano iandikwe kila dirisha, kila mlango na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, na picha zipigwe mbele ya dereva. Kuhusu bima, usidhani kwamba bima ya gari lako inatosha. Gari likiwa mgongoni mwa gari jingine limekuwa mzigo, na mzigo una bima yake. Uliza kwa maandishi nani ameikata na kwa thamani gani. Mwombe pia msafirishaji akuonyeshe leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ya gari linalobeba, maana dalali hana gari, ana simu tu.

Fundi wa Matairi:

Naongeza machache. Magari haya huegeshwa muda mrefu kuliko yanavyotembea, hivyo tairi huwa na meno mazuri huku mpira umeshazeeka. Soma tarakimu nne za mwisho zinazofuata herufi DOT ubavuni: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya umri huo, kwenye joto la lami ya Mombo, simpi hata adui yangu. Maji yote yamwagwe kabla ya safari, kwani lita 100 ni kilo 100, na mtungi wa gesi utolewe hata kama ni mtupu.

Mkazi wa Njiro:

Nawashukuru sana. Wakala amenitumia picha asubuhi hii: tairi zote nne zinasomeka 1913, kwa hiyo suala la kuliendesha limejifunga lenyewe. Nimempata mwenye loubedi wa hapa Arusha aliyepeleka mtambo Dar es Salaam na anayerudi mtupu, na kwa sababu hiyo bei yake imekaribia ile ya dalali wa mabati. Amekubali gari litazame mbele, nusu ya malipo wakati wa kupakia na nusu likishafunguliwa na kukaguliwa hapa Njiro. Mama Kirumba, madirisha ya darini nayafungaje zaidi ya komeo zake?

Mama Kirumba:

Kaza komeo, kisha pitisha gundi-tepu pana pande zote nne, kutoka kwenye dirisha hadi kwenye paa, siku ambayo paa ni kavu. Kabati na friji nazo zifungwe kwa tepu hiyo hiyo kwa ndani. Na umwambie wakala alipime gari kwa futi likiwa tayari juu ya loubedi, kuanzia ardhini hadi kwenye kitu cha juu kabisa, iwe ni antena au kiyoyozi, na kipimo hicho dereva akiandike kwenye karatasi na kuibandika mbele yake kwenye kioo. Wangu alikuwa anakisia.