Mjadala: Askari wa kike aliyeumia uti wa mgongo, ahudumiwe sawa na mwanamume?

Mleta hoja, Ibanda (Bukavu, Kongo): Risasi ikikata uti wa mgongo, miguu hufa, haja ndogo na kubwa hazizuiliki tena, na vidonda vya kulalia humwandama majeruhi maisha yake yote, awe mume au mke. Tangu tarehe 3 Mei 2022 tunayo Sheria Na. 22/003 ya kulinda watu wenye ulemavu. Je, katika kuitekeleza kwa waliotoka jeshini, wanawake watengewe fungu lao? Mimi nasema watengewe.

Afisa mstaafu, Nyawera: Kwa heshima, Mama, ninapinga. Ibara ya 49 ya Katiba inamtaja mtu mwenye ulemavu bila kubagua. Hata Marekani, ambako idara ya maveterani ina vituo maalumu vya majeruhi wa uti wa mgongo, wanawake ni wachache sana kati yao. Tutagawa vipi fedha ambazo hata hazijafika?

Muuguzi, Kadutu: Papa, uchache huo ndio uliowaponza, maana vifaa na mafunzo vilifuata mwili wa mwanamume. Chukua mkojo tu. Mwanamume huweza kuvalishwa mpira wa nje, mfano wa kondomu, unaomwaga kwenye mfuko uliofungwa mguuni. Mwanamke hana kifaa cha nje cha kutegemewa hivyo. Ama ajipitishie mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo mara kadhaa kwa siku, jambo linalotaka avue nguo, apate pa kukaa na awe na mikono safi, ama abaki na mpira wa ndani unaokaribisha maambukizi. Hapa Kadutu, ambako nyumba zimepandana mlimani, choo ni cha majirani wote na maji huja kwa bidoni, nimewaona wanaojinyima kunywa ili wasisumbue mtu.

Kisha kuna uzazi. Hedhi aghalabu husimama miezi michache baada ya jeraha, halafu hurudi, na mimba huweza kutunga kama kawaida. Aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake huenda asiusikie uchungu, huku shinikizo la damu likipanda ghafla kiasi cha kupasua mshipa wa ubongo. Mkunga asiyefunzwa atadhani ni kifafa cha mimba, na hatakumbuka kumketisha wima na kuangalia kama mpira wa mkojo umejikunja, ili shinikizo lishuke.

Afisa mstaafu: Hilo la uzazi ninalikubali. Lakini wanaume wengi nao hupoteza uwezo wa kutoa mbegu, wakanyamaza kwa aibu. Nani atawasemea?

Mleta hoja: Liandikwe pia, Papa, halipunguzi langu. Kwangu dhuluma huanzia kwenye daftari. Katika mipango ya kuwapokonya wapiganaji silaha, aliyetambuliwa alikuwa mwenye bunduki mkononi, na wanawake wengi waliobeba risasi na majeruhi waliandikwa wake au wategemezi, kama waliandikwa. Asiye na cheti cha kutoka vitani hana malipo wala kiti cha magurudumu, hata sheria iwe nzuri namna gani. Ndiyo maana fungu ninalolitaka lianze kwa kuwaandikisha upya, kwa ushahidi wa waliokuwa nao.

Afisa mstaafu: Na ambaye kamanda wake amekufa, au hataki kukiri kwamba alikuwa na wanawake kikosini, atashuhudiwa na nani?