Eti "jua lenu Pemba kali mno"! Na mtu yule anaitwa fundi wa sola

MamaMalai_Micheweni kaanzisha uzi:

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naandika huku mikono inanitetemeka, mkiona herufi zimepinda mtanisamehe. Nimeteremka boti Mkoani sasa hivi, nimo garini, boksi langu la umeme nimelipakata mithili ya mtoto mchanga. Na yule mtu, mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule wa Darajani, Unguja, mwenye kofia ya kiua na kalamu sikioni, ambaye kila kitu kwake ni "orijino mama", amenambia mbele za watu, duka limefurika: "Bi mkubwa, jua lenu Pemba kali mno."

JUA. LENU. KALI. MNO.

Pemba hii hii? Pemba tunayokimbizana na mawingu kuanua karafuu kila wingu likitanda? Kama kuna jua jengine limeletwa Micheweni peke yake na Unguja halikufika, serikali itwambie tujue.

Kisa chenyewe kifupi. Mie nauza malai. Umeme ukikatika friza inazimika na malai inakuwa uji. Nikasema nijitutumue, ninunue lile boksi la kubeba, lenye betri ndani la kuwekea umeme wa jua, na paneli mbili za wati 100. Nikamuuliza kwa ulimi wangu huu: "Zitaendana?" Hata kichwa hakuinua kwenye simu. "Zitaendana mama, boksi linachukua linachotaka." Akaniungia nyaya mwenyewe pale pale, akazifunga na utepe mweusi, akanambia nikifika nichomeke nile raha. Nimefika, nimechomeka. Kioo kikawaka, kikaandika herufi E na tarakimu sijui gani, ikatoka harufu ya plastiki, kisha kimya. Malai ya tende yote nimewagawia watoto wa chuoni. Wao wameshukuru, mie je?

Nimepanda boti nimemrudishia. Hakulifungua. Hakuligeuza. AMELINUSA! Wallahi amelinusa, akatazama dari, akasema "jua lenu". Vijana wake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kuna mzee kaja kununua balbu, kisa hakijui, naye akacheka!

Mtu huyu tumfanye nini?

Kengeja_Damu: Yakhe huyo si ndiye aliyeniuzia taa ya sola ya uani? Inawaka mchana, usiku inalala fofofo. Nilipomrudishia akanambia bado imezoea saa za Dubai.

ShogaWaWete: Hahahaaa saa za Dubai! Pole shoga. Lakini nawe ulivyojipakia botini na boksi bovu kwenda kutukanwa, si ungempigia ukatukanwa kwa simu, nauli ikabaki?

FundiNyaya: Bi, nakuuliza kwa heshima. Paneli alikuungia vipi? Chanya ya moja imeingia kwenye hasi ya nyengine?

MamaMalai_Micheweni: Ndiyo, moja imeingia kwa mwenziwe, zikabaki nyaya mbili za kwenda kwenye boksi. Lakini mie sikuja kuzungumza nyaya. Nazungumzia JUA LENU. Duka zima limenisikia nikiambiwa!

FundiNyaya: Hizo nyaya ndizo zilizoua. Hebu geuza boksi, kwenye tundu la sola pameandikwaje?

MamaMalai_Micheweni: Herufi ndogo kama chawa. 12–28V, 10A, wati 200.

FundiNyaya: Basi maiti tushaijua. Paneli ya wati 100 ya kawaida, kabla hujaitwika mzigo, inatoa kama volti 22, na volti ndiyo msukumo wa umeme. Ukiziunga sirizi namna ile volti zinajumlishana, 44. Boksi mwisho wake 28. Mengine yana kinga, yanaandika kosa na kukataa, ukichomoa yanapona. Lako halikupona. Angeunga paraleli, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti zingebaki 22, ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, zikawa kama 11, boksi likala 10 na kuiacha moja. Hapo ndipo penye ukweli wa maneno yake, "linachukua linachotaka". Ni kwenye ampea. Kwenye volti halichagui, linachosukumiwa linameza.

Na hilo la jua kali ndilo lililonichekesha zaidi. Paneli ikipata moto volti zinashuka, hazipandi! Wanaopiga hesabu za kuogopa volti ni watu wa nchi za theluji, asubuhi ya baridi kali. Angekwambia "baridi yenu Pemba kali mno" ningekaa nikamsikiliza.

BaridiYaPemba: Nimejiunga leo kwa ajili ya jina hili tu.

Mjini_Msafi: Jua la Unguja na la Pemba tofauti yake nini? Sisi tupo kama digrii 6 kusini ya ikweta, nyinyi 5. Digrii moja nzima imekuunguzieni boksi, hongereni. Ila Bi mkubwa, namba zimeandikwa kwenye boksi, na nyuma ya paneli zimeandikwa. Kwa nini hukusoma?

MamaMalai_Micheweni: Nisome mie? Yeye kalamu ya sikioni ya nini, ya kukunia? Nimelipa pesa niendeshe friza, sikulipa pesa nifanye mtihani. Na kama hajui aseme hajui, asininusie kitu changu halafu akasingizia JUA.

ShogaWaWete: Mimi nimekwama kwenye kunusa. Alinusa upande gani?

MamaMalai_Micheweni: Pale penye feni. Akafumba na macho.

NipoFumba: Mnalilia volti, mimi niliyeibiwa wati nisemeje? Nimenunua paneli kubwa ya juu ya paa, wati 550, nimelipa wati 550, boksi langu linapokea mpaka volti 60 kwa hiyo hapo sina shida. Sasa saa sita mchana, jua la utosi, kioo kinaandika 390. Kila siku 390. Wati zangu nyengine ziko wapi? Nimemfuata aliyeniuzia ananambia "ndugu yangu, vumilia".

FundiNyaya: Boksi lako ampea mwisho ngapi?

NipoFumba: 10.

FundiNyaya: Paneli hiyo ikifanya kazi inakaa kwenye volti 40 hivi, ikiwa ya moto pungufu kidogo. Zidisha kwa 10. Hujaibiwa.

NipoFumba: Basi hizo 150 na kitu zimekwenda wapi?

FundiNyaya: Hazikuzaliwa. Paneli ilikuwa na uwezo wa kuzitoa, boksi halikuziomba.

NipoFumba: Sasa si ningenunua paneli ndogo!

Kengeja_Damu: Ungenunua ndogo kukiwa na mawingu ungerudi hapa kulia tena. Acha iwe kubwa, siku za masika utamshukuru.

NipoFumba: Na saa tisa inashuka mpaka 90, jamani. Tisini!

FundiNyaya: Kuna mti?

NipoFumba: Mnazi wa jirani. Lakini kivuli chake chembamba, kuti moja tu linapita kwenye kona.

FundiNyaya: Kuti moja linatosha. Seli moja ikifunikwa inazibana wenzake wa safu ile. Kaongee na jirani.

NipoFumba: Jirani hatusemezani tokea mambo ya ukuta.

MamaMalai_Micheweni: Samahani, huu uzi ni wangu. Mie nimeambiwa jua lenu kali.

Babu_Kwahani: Vijana mnadeka. Mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima ilikaa giza miezi mitatu, waya wa baharini umeharibika. Hakuna boksi, hakuna paneli, mtaa mzima unalia jenereta na maji ya bomba hayapandi kwa kuwa pampu hazina umeme. Nani alikuja jukwaani kulia?

Kengeja_Damu: Sisi Pemba wakati huo tulikuwa na taa, ami. Mlikuwa mnatupigia simu kutuuliza hali.

Babu_Kwahani: Taa za majenereta ya dizeli ya Wesha! Leo mnazo, kesho zimelala. Waya wenu wa Tanga umekuja 2010 hiyo hiyo, msijitape.

Kengeja_Damu: Zikilala zinaamka. Nyinyi mlilala miezi mitatu.

Mjini_Msafi: Jamani huku ndiko tulikofika?

Ukhty_Mkoani: Mnaogombana na mafundi, mimi nagombana na hamali wa bandarini Malindi. Boksi la namna hiyo kalibeba hatua kumi akataka pesa ya gunia mbili za mchele. Namuuliza kwa nini, ananambia "umeme mzito".

BaridiYaPemba: UMEME MZITO 😂😂 huyo na yule wa jua lenu mama mmoja.

ShogaWaWete: MamaMalai, hiyo ya tende imeshakwisha yote? Maana nina shughuli Ijumaa.

MamaMalai_Micheweni: Imekwisha, ila nina ya ukwaju na ya ubuyu kwa dada yangu Konde, friza yake nzima. Unataka ngapi?

ShogaWaWete: Mia. Ya ukwaju usitie rangi.

Kengeja_Damu: Malai ya ukwaju isiyo rangi ni maji machafu. Tia rangi.

Babu_Kwahani: Malai ni ya maziwa na hiliki. Hizo nyengine barafu za kupaka rangi.

Msimamizi: Uzi umehamishiwa jukwaa la Mapishi.

NipoFumba: Mapishi? Sasa suala la mnazi nitajibiwa wapi?