Natimiza 65 Novemba hii: Medicare ya asili na Medigap, au Medicare Advantage?

MzeeMtulivu
Habari za humu, ndugu zangu. Nilikuja Marekani mwaka 1998, nimefanya kazi ya ghalani miaka yote hiyo, na Novemba hii ya 2025 natimiza 65. Nastaafu mwezi huohuo, mgongo umeshakataa. Mke wangu ana 61. Tumepanga kila mwaka tukae Tanga miezi mitano ya baridi, halafu turudi huku kwa wajukuu.

Bahasha za bima zinaingia kila siku. Nimezipanga mezani mafungu mawili. La kwanza linasema nibaki na Medicare ya asili, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wenye miaka 65 na zaidi, yaani Sehemu A ya kulazwa na Sehemu B ya madaktari, kisha niongeze Medigap, bima ya kampuni binafsi inayolipia pengo ambalo Medicare inaliacha, na bima ya dawa ya Sehemu D. La pili ni Medicare Advantage: kampuni binafsi inabeba vyote, nyingi hazidai nyongeza juu ya mchango wa Sehemu B (dola 185 kwa mwezi mwaka huu wa 2025), tena wanaweka meno na miwani. Moyo wangu umeegemea la pili kwa sababu ya pesa. Nina kisukari, natumia insulini. Mliotangulia, nisaidieni.

ZamuYaUsiku
Shikamoo mzee. Mimi ni nesi kwenye nyumba ya uuguzi. Nikueleze nilichokiona kwa macho yangu.

Mama mmoja alivunjika nyonga, akaletwa kwetu ajifunze kutembea upya. Kampuni yake ya Advantage iliidhinisha siku kumi na mbili. Siku ya kumi na mbili alikuwa anatoka kitandani, anashika fremu, anafika mlangoni. Chooni alikuwa hajafika peke yake hata mara moja. Barua ikaja kwamba siku zimekwisha. Binti yake alikata rufaa akashinda, lakini kwa siku zile tatu za kusubiri yule mama hakula vizuri, alikuwa anaulizia tu kama anafukuzwa.

Medicare ya asili haina idhini ya namna hiyo kwa huduma nyingi. Ukilazwa hospitali siku tatu kisha ukahitaji uuguzi wa aina ile, siku 20 za kwanza hulipi kitu. Ukiwa mzima, hizi bima zinafanana. Ukiugua ndipo tofauti inaonekana.

BabaMapacha
Mzee, heshima kwako. Dada amesema kweli, ila tusiusahau upande wa pili. Mimi niko Advantage mwaka wa nne na inanifaa. Daktari wangu yumo kwenye mtandao wao, yaani orodha ya madaktari na hospitali zenye mkataba na kampuni, hospitali iko dakika kumi kutoka nyumbani.

Hatari kubwa ni kukaa na Medicare ya asili PEKE YAKE, bila Medigap. Sehemu B inalipa asilimia 80, wewe 20, na hiyo 20 haina kikomo. Saratani ikikupata, asilimia 20 inauza nyumba. Advantage ina kikomo kwa sheria: mwaka huu wa 2025 hakiwezi kuzidi dola 9,350 ukitibiwa ndani ya mtandao. Kama Medigap huiwezi, usione aibu kuchukua Advantage.

MrudiNyumbani
Mzee Mtulivu, mimi nilifanya kosa la kurudi nyumbani bila kufikiri, ndiyo maana naandika kirefu.

Nilistaafu nikaenda Moshi. Nikajiambia, Medicare hailipi hospitali za nje ya Marekani, basi kwa nini nichangie Sehemu B bure? Nikaifuta. Sehemu A haina mchango kwa aliyefanya kazi robo mwaka 40, hiyo ikabaki. Baada ya miaka mitatu na kitu moyo ukaanza kunisumbua, nikarudi kwa mwanangu mwezi Juni. Nikakuta dirisha la kujiandikisha upya ni Januari hadi Machi tu. Agosti nikalazwa. Sehemu A ikalipia kitanda, lakini daktari anayekuja kukuona humohumo wodini analipwa na Sehemu B! Bili zake zilikuja kwangu moja moja, mwanangu akawa anazificha kwenye droo ya jikoni nisizione.

Sasa Sehemu B ninayo tena, na adhabu juu: asilimia 10 kwa kila mwaka mzima niliokosa. Kwangu ni 30, maisha yangu yote, yaani mwaka huu wa 2025 badala ya 185 nalipa dola 240.50.

Kwa miezi yako mitano ya Tanga, angalia haya. Medigap za aina kadhaa, mojawapo G, hulipa asilimia 80 ya dharura nje ya nchi baada ya dola 250 zako, kwa siku 60 za kwanza za safari tu, na mwisho dola 50,000 kwa maisha yote. Miezi mitatu inayobaki iwekee akiba. Advantage nayo inaweza kukutoa ukikaa nje ya eneo lake zaidi ya miezi sita mfululizo, kwa hiyo miezi mitano yako isije ikarefuka.

ZamuYaUsiku
Na hili mzee usilipitie haraka. Ukianza Sehemu B ukiwa na 65, una miezi sita ambayo kampuni yoyote ya Medigap haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya kisukari. Ikipita, majimbo mengi yanaruhusu wakuulize ugonjwa. Kutoka Medigap kwenda Advantage ni rahisi, kila mwaka Oktoba 15 hadi Desemba 7. Kurudi ndiko kugumu. Ukianza na Advantage ukiwa na 65, una miezi 12 ya kujaribu na kurudi bila kuulizwa, basi.

Insulini isikutishe, Sehemu D haikutozi zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa kila aina.

MzeeMtulivu
Marahaba binti yangu, asanteni wote. Hilo la kukataliwa kwa kisukari hakuna bahasha hata moja iliyolitaja. Na mama watoto je? Yuko kwenye bima ya kazini kwangu.

MamaHesabu
Pole na hongera mzee. Medicare ni ya mtu mmoja mmoja, mama haingii kwa jina lako hadi afikishe 65 yeye mwenyewe. Bima ya kazini ikikatika ana siku 60 za kununua kwenye soko la bima la serikali, na kipato chenu kikishuka kuna ruzuku. Au aendelee na ya kazini kwa COBRA, sheria inayomruhusu kubaki nayo kwa muda akiilipia mwenyewe, ila hiyo ni ghali. Yeye aamue kabla hujasaini barua ya kustaafu.

Kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare, mpango unaitwa SHIP. Hawauzi bima ya mtu. Nenda na orodha ya dawa zako na majina ya madaktari.

MzeeMtulivu
Nimepiga simu, wamenipa Jumanne saa nne asubuhi. Mke wangu anakuja na daftari. Nataka bei za Mpango G kutoka kampuni tatu, maana nimesoma kwamba karibu majimbo yote G ni ileile kwa kila kampuni, bei ndiyo inayotofautiana. Nikishindwa kuimudu, nitarudi hapa kwa BabaMapacha anieleze mtandao wake.