Transfoma mbili, chenjiova moja: nyutro inafungwa na ethi wapi?

stoo_samaki_busia:
Habari zenu mafundi. Nna stoo baridi ya samaki hapa Busia upande wa Uganda, tunapokea ngege na mputa kutoka Majanji. Umeme unaingia toka transfoma ya gridi, 11kV kushuka 415V, na upande wa pili kuna inverta ya sola inayotoa fezi tatu bila nyutro, kwa hiyo inapitia transfoma ya delta-staa ndo tunapata nyutro, ule waya wa kurudisha umeme. Zote zinaingia chenjiova ya otomatiki, ile swichi ya kuhama kati ya gridi na sola, poli nne, yaani fezi tatu na nyutro. Kila transfoma ina linki yake, yaani kiungo kinachofunga nyutro na ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini). Shida ni hivi, ile ELCB ya meni upande wa gridi, kinga inayokata umeme ukivuja, inatripu ovyo, na sio kompresa kubwa zikiwaka, hapana, ni zile friza ndogo za fezi moja. Fundi wangu anasema tuongeze linki ya tatu ndani ya chenjiova na tupige ethi rodi nyingine mbili. Nikubali?

waya_na_koleo:
Hapana ssebo, usikubali. Transfoma ya delta-staa ni chanzo kipya kabisa, nyutro yake haijui habari za gridi, ndo maana ina linki yake pale pale kwenye chanzo. Chenjiova ya poli nne inakata na nyutro pia, kwa hiyo kila upande unabaki na linki moja. Ukiongeza ya tatu mle ndani nyutro na ethi zinabeba mzigo pamoja, na bodi za friza utaanza kuzigusa kwa woga.

Ila swali moja, una klampu mita? Ukiwa kwenye gridi, inverta imepumzika, ishike kwenye waya wa ethi unaotoka kwenye ile linki ya transfoma ya sola. Niambie inasoma ngapi.

mzee_wa_voti:
Mi naona rodi ziongezwe tu, ardhi ikiwa nzuri kila kitu kinatulia. Miaka yote tumefanya hivyo.

waya_na_koleo:
Mzee wangu kwa heshima, tupige hesabu. Rodi ya stoo ohm 10, ya transfoma ohm 10, jumla 20. Fezi ikigusa bodi ya kompresa, 240 gawa kwa 20 ni ampia 12. Breka ya 100 itaona hizo 12 kama mzigo wa kawaida, na bodi inabaki na umeme hadi mtu aiguse. Kinachoangusha breka ni waya wa ethi wa shaba unaorudi mpaka kwenye linki ya chanzo. Rodi ni za radi na za kuishikilia nyutro karibu na ardhi. Zote ziungwe pamoja, sawa, lakini hiyo kazi ya waya haziwezi.

stoo_samaki_busia:
Nimepima. Inverta imezimwa kabisa na bado waya unasoma ampia 6. Friza zikizimwa inashuka karibu na sifuri. Banange, inatoka wapi?

waya_na_koleo:
Basi hiyo chenjiova yako sio poli nne. Nyutro ya friza ikifika kwenye chenjiova inagawanyika, nyingine inarudi gridi vizuri, nyingine inaenda transfoma ya sola, inapita linki, inarudi kwa waya wa ethi. ELCB inaona kilichotoka na kilichorudi havilingani, inatripu. Kompresa za fezi tatu hazitumii nyutro, ndo maana haziileti hiyo shida. Toa linki ya upande wa sola, bodi ya transfoma ibaki na ethi yake, utakuwa umemaliza.

dada_saketi:
Samahani fundi, hapo sikubaliani. ELCB ya meni ya fezi tatu inakata na nyutro. Siku ikitripu, chenjiova inaona gridi imeondoka, inaleta sola, na linki pekee iliyobaki iko nyuma ya ELCB iliyofunguka. Yaani sola inafanya kazi bila nyutro kushikwa na ethi popote, fezi ikigusa bodi hakuna kitakachoanguka. Aache linki zote mbili, abadilishe chenjiova iwe poli nne ya kweli, na achague ile ambayo nyutro inafunga kwanza na inafungua mwisho, la sivyo friza za fezi moja zinaweza kuonja 300 na kitu kwa sekunde ile. Na kazi afanye fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya umeme ya Uganda, upande wa gridi usiguswe.

waya_na_koleo:
Eeh, umenikamata. ELCB nilikuwa nimeisahau. Mfuate dada.

stoo_samaki_busia:
Nimefungua kifuniko. Poli tatu, hiyo niliyohesabu ya nne ni baa ya nyutro imepita moja kwa moja, imepakwa rangi nyeusi na mtu aliyetuuzia akasema nne. Fundi amechomoa nyaya zote za upande wa sola, nyutro pia, na mita sasa inasoma sifuri. Mpya inatoka Kampala Alhamisi. Stima ya gridi ikikatika kabla ya hapo, nimeshaagiza barafu.