Naomba ushauri: Invincible, ninunue mkusanyiko upi?

Habari wakuu. Shemeji yangu anarudi kutoka Marekani mwezi ujao na begini kwake kuna nafasi ya kitabu kimoja tu. Katuni ya Invincible, ile ya kijana shujaa mwenye nguvu za ajabu, nimeshaiangalia, sasa nataka komiki yenyewe. Kuna mkusanyiko mkubwa wa kurasa zaidi ya 1,000, na kuna wa jalada gumu wenye matoleo kama 12. Nichukue upi? Mdogo wangu wa miaka 10 naye anaisubiri.

MzeeWaKomiki: Mkuu, beba mkubwa. Hadithi nzima ni matoleo 144, kuanzia Januari 2003 hadi Februari 2018, nayo inaenea kwenye juzuu tatu tu za aina hiyo. Raha yake iko hapa: mwandishi wake, Robert Kirkman, anapenda kupanda mbegu. Mtu anatokea kidogo tu, unamsahau, halafu mbele huko anarudi na kugeuza kila kitu. Aliyekuwa akisubiri toleo kila mwezi alikuwa keshasahau. Wewe unafunua kurasa nyuma, unamkuta pale pale. Halafu angalia michoro. Cory Walker alichora matoleo 7 ya mwanzo, la 8 akaingia Ryan Ottley. Ukisoma mfululizo unauona mkono wa Ottley unavyokomaa, hasa kwenye mapigano. Mimi hilo ndilo lililonifanya niipende.

BintiPwani: Ni kweli, ila ni mzito, usomee mezani. Picha zilizotandazwa kurasa mbili humezwa kidogo pale katikati, na ukiukunjua kwa nguvu mgongo unavunjika. Wangu kurasa zimeanza kuachia, nimeumia sana. Ule wa jalada gumu una kurasa zenye umbo kubwa zaidi na michoro ya maandalizi mwishoni. Ninayo yote miwili, lakini ninaourudia ni huo mzito.

Kaka_Msomaji: Ndugu, huyo dogo wa miaka 10 usimpe! Rangi zake angavu zinawadanganya wazazi. Mle ndani watu wanapasuliwa, damu kila mahali, na kuna mambo mengine ya kikubwa.

Mleta uzi: Asanteni sana. Nimemwandikia shemeji alete juzuu kubwa ya kwanza. Dogo nitamtafutia nyingine, hii itakaa juu ya kabati. BintiPwani, zile kurasa zinazoachia umezigundisha kwa gundi gani?

BintiPwani: Gundi nyeupe ya mbao, kidogo sana, kisha nikakikandamiza kitabu kwa matofali mawili usiku kucha. Imeshika.