Nimejifungua njiti wa wiki 30 kwa upasuaji wa dharura: uzito umeshuka na maziwa hayatoki

Mama Mpya, Dar es Salaam

Habari zenu ndugu zangu. Leo ni siku ya sita tangu nijifungue mtoto wa kike, mimba ikiwa na wiki 30. Nilikwenda kliniki nikilalamikia kichwa na vimulimuli machoni. Presha ilipopimwa ilikuwa 178 kwa 116, mkojo ukaonekana una protini nyingi, na hapo hapo nikachomwa sindano za kuzuia kifafa cha mimba na za kukomaza mapafu ya mtoto. Usiku wa pili hali ilibadilika, nikaingizwa chumba cha upasuaji kwa nusu kaputi, na nilipozinduka sikuwa na tumbo wala mtoto pembeni. Nilimwona siku ya tatu, nikiwa kwenye kiti cha magurudumu, kupitia kioo cha mashine ya joto, akiwa na mpira puani na nepi iliyomfika kwapani.

Alizaliwa na gramu 1,250, na leo asubuhi ana gramu 1,140. Nikikamua napata matone yasiyofunika hata kitako cha kikombe. Mama mkwe wangu, ambaye najua ananipenda, anasema maziwa yamegoma kwa kuwa sikuzaa kwa njia ya kawaida. Nyumbani wote wananipa pole, wala sijasikia hongera hata moja. Naomba waliopitia haya waniambie: uzito huo unaposhuka mtoto anapotea? Maziwa yatakuja? Na ni kweli ninaruhusiwa kumbeba kifuani angali na mpira?

Mama wa Wiki 28

Hongera sana, mdogo wangu. Nimetanguliza neno hilo kwa makusudi, kwa kuwa mimi nililisubiri wiki nzima bila kulisikia. Nami presha ndiyo iliyonifanya nijifungue mimba ikiwa na wiki 28, na mwanangu sasa yuko darasa la pili.

Maziwa yangu yalianza kutoka ya kueleweka siku ya tisa. Usingoje titi lijae ndipo ukamue. Kamua kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, hata kama yatatoka matone matatu, kwa sababu titi hutengeneza kadiri linavyokamuliwa. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya duara jeusi, sukuma kwanza kuelekea mbavuni ndipo ubane. Ukiviburuta vidole juu ya ngozi utajichubua na maziwa hayatatoka. Na hayo matone usiyamwage kwa kuona haya. Yangu muuguzi aliyavuta kwa bomba la sindano, nusu mililita tu, akampaka mtoto ndani ya mashavu, nami nikaona ulimi ukitafuta.

Kuhusu kumbeba, mimi nilibeba mpira ukiwa puani. Alivuliwa akabaki na nepi, kofia na soksi, akalazwa wima katikati ya matiti yangu, kichwa kimegeuzwa upande na miguu imekunjwa kama ya chura, kisha tukafungwa pamoja kwa kanga. Mwanzoni alipumua haraka haraka, halafu pumzi ikatulia, na vidole vyake vikashika pindo la kanga visiachie. Nilipotoka hapo nikaenda kukamua, nikapata mara mbili ya asubuhi.

Muuguzi, wodi ya watoto wachanga

Dada, hongera kwa binti yako. Kutoka gramu 1,250 hadi 1,140 ni kushuka kwa takribani asilimia 9. Watoto wote hupoteza maji siku za mwanzo, na njiti huweza kupoteza asilimia 10 hadi 15 bila kuwa na ugonjwa wowote. Wengi huurudia uzito wa kuzaliwa katika wiki ya pili au baada yake kidogo.

Kuhusu maziwa, naomba umweleze mama mkwe kwa upole kwamba kinachoufungulia mwili utengeneze maziwa ni kutoka kwa kondo la nyuma, nalo limetoka, liwe limepitia ukeni au tumboni. Yanayochelewesha ni ugonjwa uliokuwa nao, maumivu ya mshono, na zaidi ya yote kutenganishwa na mtoto siku tatu bila mtu kukuanzishia kukamua. Hilo la mwisho linaniuma, kwa sababu kikombe na mikono safi vingeweza kuletwa kitandani kwako siku ile ile.

Njia ya kangaroo, yaani huko kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko mashine. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania kwa watoto wa kati ya kilo 1 na gramu 1,799, ulionyesha kwamba kuwaweka kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watengemae kwanza, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza mtoto abebwe hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku. Kwa hiyo usiombe kama fadhila; uliza kesho asubuhi, madaktari wakipita: "Kuna sababu gani ya mwanangu kutokuwa kifuani kwangu leo?" Sababu zipo, kama vile mtoto anayepumuliwa na mashine, lakini zitajwe.

Uliza pia lini atapimwa macho, kwa kuwa njiti aliyewekewa oksijeni huweza kudhurika mishipa ya nyuma ya jicho, na kipimo hicho kwa kawaida hufanyika akiwa na wiki nne hivi. Nawe mwenyewe bado hujavuka: kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kujifungua, hivyo kichwa kikali, vimulimuli au maumivu chini ya mbavu za kulia visisubiri asubuhi.

Baba wa Pacha

Shemeji, mumeo naye ana kifua. Nilibeba mmoja wakati mke wangu akimbeba mwenzake, na mshono ulipomzidi nilikaa na wote kwa zamu. Ikiwa umeajiriwa, mwulize mwajiri mapema, kwa sababu marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yanamwongezea likizo aliyejifungua njiti.

Mwanamke wa Mombasa

Dadangu, nakuongezea jambo ambalo mimi niliambiwa nikiwa tayari na mimba nyingine. Wiki 30 sehemu ya chini ya mji wa mimba mara nyingine huwa haijatanuka vya kutosha, na daktari hulazimika kuupasua wima. Kovu la nje haliwezi kukuonyesha, maana ngozi huweza kuwa imekatwa mlalo na ndani ikawa wima. Mwenye kovu la wima hatakiwi kuachwa apate uchungu mimba ijayo, kwa kuwa hatari ya kupasuka ni kubwa zaidi. Kabla hujatoka, omba aina ya mkato wa ndani iandikwe waziwazi kwenye karatasi ya ruhusa, uipige picha, na mimba ijayo uwaambie mapema juu ya presha, kwani kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo huanzishwa karibu na wiki ya 12.

Mama Mpya, Dar es Salaam

Nimewasoma nyote nikiwa kwenye benchi la wodi. Leo ni siku ya nane. Niliuliza swali lile kama lilivyoandikwa, na saa nne akaletwa. Amekaa kifuani dakika 50, na mume wangu anaingia jioni. Nimekamua mililita 6, zote zimepita kwenye mpira wake. Uzito ni gramu 1,150. Karatasi ya upasuaji bado hawajaipata, nimewaambia nitaisubiri.